Hema Uani

Siku ya kumi na tano ya eda, Sihaba alisimamisha hema la marehemu mumewe, Chande, katikati ya ua, akaingia humo. Chumbani alikuwa halali wala hatulii. Alikuwa akizunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Asubuhi alikuja Mwanahawa, dada wa marehemu, akajishika kiuno.

"Likunje, wifi. Mjane hukaa ndani ya nyumba."

"Kwani ua huu ni wa jirani?"

"Watu wanacheka! Kaka alikuwa mfanyabiashara wa heshima. Nusu ya mji huu imejengwa kwa saruji yake."

"Saruji aliiuza. Humu ndimo alimokuwa akilala kila Ijumaa, tulipopiga kambi kule mlimani, mimi na watoto tumembana hata hageuki. Wewe alikualika mara ngapi?"

"Mara nyingi. Nilikuwa naogopa siafu."

"Basi wewe unamlilia wa dukani."

Mwanahawa aliinama, akang'oa kigingi cha kwanza. Upepo ukaja, hema likajaa, likaanza kumwangukia Sihaba. Mwanahawa akaikanyaga kamba haraka. Upepo ukavuta tena, kwa nguvu zaidi. Hakuuondoa mguu.