Bibi, Fundi Miwani na Kapu la Uyoga

"Geuza tumbo lake," Bibi aliamuru. "Niambie unaona nini."

Fundi miwani alipiga magoti kwenye majani makavu, akaugeuza uyoga. Jasho lilimtoka utadhani anaapishwa mahakamani. Mchumba wake alishamwonya: nyumbani kwao hapiti mkwe bila kwenda msituni na Bibi. Aliyemtangulia alikwenda, akarudi na kapu limejaa, na kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa foleni mlangoni mwa choo, mikanda mkononi. Uchumba ukafia hapo hapo, kwenye foleni.

"Hauna vile vipande kama kurasa za kitabu," alisema. "Una vitundu, kama sifongo. Vyeupe."

"Shina?"

"Nene kama mguu wa mtoto mchanga. Lina alama za wavu."

"Kata."

Alikata, akahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Nyama ilibaki nyeupe pe. "Haugeuki rangi, Bibi."

"Gusisha ulimi, uteme."

"Si mchungu."

"Haya, mume wangu, tia kapuni," alisema Bibi, kwa utani wake na kila aliyewaposa wajukuu zake.

Ndivyo walivyokwenda asubuhi nzima. Bibi alimng'ang'ania mkono, eti mizizi ya msitu ule haina adabu. Kila uyoga aliunusa, akaubonyeza kwa dole gumba, kisha akauliza yale yale, kama mwalimu aliyezaliwa kukera watu. Bahati nzuri kijana alikuwa amekariri kitabu kizima cha uyoga, pamoja na jalada.

Wa mwisho ndio uliompiga chenga. Vitundu vyake vilikuwa na wekundu, au labda ni kivuli cha miti. Alipoukata, nyama ikawa kama inageuka buluu. Kitabu kilisema ukiona wekundu na buluu, kimbia. Lakini je, ameviona kweli?

Jibu la haki lilikuwa "sijui". Mkwe gani anaanza maisha na "sijui"? Halafu Bibi si huyo hapo, pua juu ya uyoga? Ungekuwa mbaya, angeshamuumbua.

"Huu safi kabisa," alisema.

Bibi akajipangusa dole gumba kwenye kanga. Kijana akashusha pumzi.

"Basi tia kapuni, twende zetu. Njaa inaniuma."

Katika nyumba ile, Bibi akirudi na kapu hakuna anayeuliza swali. Baba mkwe, mama mkwe, shangazi wawili na mashemeji waliivamia sufuria kama nzige. Shangazi mkubwa alilamba sahani yake, kisha ya mumewe.

Kijana aliona mambo yameiva. Akamwinamia Bibi sikioni.

"Bibi, mtihani nimefaulu?"

"Mtihani gani tena?" Bibi alicheka chinichini, huku akipapasa meza kutafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. "Mimi macho yaliniaga tangu mwaka juzi. Hawa nimewaficha, wasije wakaninyima msitu wangu. Na wewe unajiita fundi miwani!"

Fundi aliweka kijiko chini taratibu, akaanza kuhesabu watu waliokuwa mezani. Walikuwa tisa. Choo kilikuwa kimoja.