Msomaji wa Saa Saba

Fundi wa tovuti alipiga simu kuuliza kazi inaendaje, nami nikaanza kumsifia msomaji wangu.

"Kila siku saa saba mchana anafungua makala yangu ya kuosha tangi la maji, anakaa nayo dakika arobaini nzima. Hata ndugu zangu wa damu hawanisikilizi hivyo."

Tangu niache ofisi nikawa mhariri wa tovuti, nikifanyia kazi chumbani, mama haishi kuniuliza mchana kutwa naongea na nani. Sasa nilikuwa na jibu. Juu ya makala nilikuwa nimeshaandika: "Karibu tena."

Fundi alikohoa. "Pole, dada. Huyo ni wewe. Ulisahau kuitoa kompyuta yako kwenye hesabu ya wageni wa tovuti."

Niliitazama sahani yangu ya chakula kando ya kompyuta. Nilikuwa nimeifunika kwa sahani nyingine, na mvuke ulikuwa ukifuka pembeni. Meza ninayo moja tu. Kila siku nakula hapo, makala hiyo ikiwa wazi mbele yangu.

"Basi nimtoe?" fundi aliuliza.

Zilibaki dakika mbili kufika saa saba.

"Muache," nilisema. "Ameshazoea."