Kilo Tisini na Nne

Kwenye kiwanja cha nyasi, Namkunda alikuwa akiwapima abiria kwa mizani, mmoja mmoja, kabla hawajapanda ndege yake ndogo.

"Binti, rubani yuko wapi?" aliuliza Mzee Mbonea, mfanyabiashara wa mbao.

"Ndiye mimi."

"Mimi sirushwi na mwanamke!"

Namkunda akasoma mizani bila haraka. "Kilo tisini na nne. Uzito mkubwa hukaa mbele, mzee wangu, kwa hiyo utakaa pembeni yangu. Usipotaka, baki. Sisi tunaondoka."

Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Mbonea akapanda.

Magurudumu yalipoacha nyasi, alimkamata Namkunda mkono kwa nguvu zote.

"Niachie, mzee. Mkono huo ndio unaokurusha."

Akauachia, kidole kimoja kimoja.