Gari la Mageto

Mwanamke wa Chebunyo alikuwa amerudi tena, na safari hii alikuja na wito wa wazee.

Sagini alikuwa chini ya gari, mikono imejaa mafuta, alipoona viatu vya plastiki vya mwanamke huyo vikisimama palepale vilipozoea kusimama kila siku ya soko. Hakutoka. Alimwacha mama wa watu juani mpaka achoke. Ndivyo alivyokuwa Sagini: mapenzi yake yote aliyamalizia kwenye chuma, binadamu akabaki bila fungu.

Na lile gari, tuseme ukweli, lilipendeka. Marehemu baba yake, fundi Mageto, aliliunda kwa mikono yake hapo Roret: bodi ya Datsun ya zamani, injini kubwa kuliko gari lenyewe, boneti iliyokatwa ili injini itokeze nje, na magurudumu ya nyuma mapana ajabu. Likinguruma kupanda kilima, wachuma chai wa ng'ambo walinyoosha migongo kutazama. Kila kipande kilitoka kwenye magari ya ajali. Kishindo kikisikika barabarani, Mageto alikuwa wa kwanza kufika, spana mfukoni. "Chuma hakina ukoo," alizoea kusema.

Mama huyu, Chepyegon, alipoteza mume na mtoto katika ajali moja ya mvua karibu na mto Kipsonoi, zamani, kabla gari la Mageto halijamalizika. Yeye alizinduka hospitalini, akaambiwa mto ulimchukua mtoto. Mwaka huu ndipo mtu alipomnong'oneza kwamba Mageto alifika pale kabla ya polisi.

Sagini alipiga hesabu mwenyewe. Baba hakuwahi kumwambia injini ilitoka wapi. Na wazee walishasema wazi: kikipatikana hata kipande kimoja cha gari la marehemu mume wa Chepyegon, gari zima la Mageto litakwenda kwa mjane.

Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Mzee Hezekiah, aliyekuwa msaidizi wa Mageto na sasa mzee wa kanisa huko Ndanai. Sagini alimwendea na sukari na unga, akamsihi akane.

"Wataniuliza juu ya vyuma?" aliuliza mzee.

"Vyuma tu, Mzee."

"Basi nitakuja."

Siku ya kikao ukumbi wa kanisa ulijaa. Chepyegon alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Mimi sitaki gari. Nataka tu mtu aniambie Mageto alifanya nini pale."

Watu wakatazamana. Nani huacha shamba lake Chebunyo kila wiki kufuata kitu asichokitaka? Sagini akasimama, kifua mbele.

"Wewe mama, unazunguka ukiuza maiti ya bwanako. Kama unataka injini, enda umfukue umuulize yeye."

Wazee walimkemea, lakini neno lilishatoka. Chepyegon alimtazama tu, uso, masikio, vidole, vile alivyomtazama siku zote. Sagini alichukia macho yale kuliko madai yenyewe, na alikwisha kuwaambia watu kwamba mama huyo ni mchawi.

Kisha Hezekiah akaitwa. Kila mtu alijua mzee huyo anavyoogopa kiapo. Kwake kuapa uongo ni kujichimbia kaburi na kuwachimbia wanawe. Aliweka kiganja juu ya Biblia na sauti yake haikutetemeka.

"Kwa gari hiyo hakuna hata nati moja ilitoka kwa ile ajali. Mungu ananiona."

Kesi ikaisha hapo. Mama akaambiwa amwache kijana wa watu na asikanyage tena boma lake. Aliwashukuru wazee mmoja mmoja, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akatoka.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza Sagini alipompakia Hezekiah amrudishe Ndanai. Furaha ilimpanda. Alikanyaga mafuta mpaka vioo vikatetemeka, akipiga honi kwa kila aliyemjua. Mbele kidogo wakamwona Chepyegon akielekea stejini kungoja matatu, viatu mkononi, ametota. Kando yake kulikuwa na dimbwi la maji mekundu. Sagini angeweza kulikwepa. Alilifuata, na tope likamvaa mama kuanzia kichwani hadi miguuni.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Asante, Mzee. Kumbe unaweza kudanganya na mkono uko kwa Biblia."

Hezekiah hakucheka. Alikuwa amegeuka nyuma, akimwangalia yule mama akijipangusa macho.

"Mimi sikudanganya," alisema. "Siku ile Mageto aliacha vyuma vyote. Alitoa mtoto kwa kiti cha nyuma, akapelekea mke wake, wakamwita Sagini."