Mikono Juu

Tunu alisimama kando ya meza kuu, akiwatafsiria viziwi wa bondeni, ambao kisima chao kilitoa maji ya buluu tangu kiwanda cha rangi kifunguliwe. Siku hiyo baraza la mji liliwauliza wananchi kama kiwanda kipanuliwe.

Wakala wa kiwanda akamwinamia mwenyekiti sikioni.

"Mheshimiwa, kile kifungu cha mkataba cha kupima maji tumekifuta. Wapigishe kura upesi."

"Wewe mtu hatari," mwenyekiti akacheka. "Haya, tumalize tukale."

Tunu alikuwa amekatazwa kutafsiri yasiyosemwa hadharani. Akamtazama kiziwi mmoja, Bi Mwajabu, aliyempakata mjukuu mwenye vipele mwili mzima. Vidole vya Tunu vikasema yote.

Benchi zima la mbele likasimama. Viziwi wakafoka kwa namna yao, mikono juu, vidole vikikata hewa.

"Wanaokubali wainue mikono!" mwenyekiti akatangaza wakati huohuo, kisha uso ukamkunjuka. "Tazameni! Hata ndugu zetu viziwi wanakubali, tena kwa mikono miwili! Karani, hesabu."

"Hawakubali, mheshimiwa!" Tunu akapaza sauti. "Wanakataa!"

"Binti, wewe umeajiriwa uongee kwa mikono," wakala akamwambia, na ukumbi ukaangua kicheko.

Bi Mwajabu hakujua kinachochekwa. Akamshika mjukuu wake kwapani, akamwinua juu kabisa ili watu wote wauone mwili wake. Karani akamwelekezea kalamu, midomo yake ikiendelea kuhesabu.