Mnazi wa Kombe

Asubuhi nilikuwa nafagia uani wanachama wa ushirika wa umeme walipofika na shoka. Nguzo walizosimamisha zimefika mpaka kwetu. Ng'ambo ya ua ni zahanati, na humo mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, mkunga akimulika kwa taa ya mafuta.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikamwamkia kiongozi wao.

"Marahaba, mwanangu. Mashine ya umeme iko tayari, ila waya wa zahanati hauna njia, mnazi huu umeuzuia. Na hatukati mti wa mwanachama bila neno lake. Baba yako amejibu?"

Baba yuko Ramisi, kwenye kiwanda cha sukari. Nimemwandikia barua mbili, kimya.

Mnazi ni wa kaka yangu Kombe. Kitovu chake kilizikwa chini ya mnazi huo. Kombe mwenyewe tulimzika mwaka wa uhuru, umebaki huo mnazi.

"Huyu hasemi huyu," mmoja wa wanachama akacheka, akinionyesha kidole. "Tutalala hapa hapa!"

Nikaweka kiganja kwenye gome. Lilikuwa na umande bado.

"Baba amekubali," nikasema.

Shoka likaingia.

Adhuhuri nilimpa dereva wa lori la miwa liendalo Ramisi barua: "Baba, mnazi wa Kombe ni mimi niliyewaambia waukate. Nisamehe."

Magharibi taa ya umeme ya zahanati imewaka, mkunga ameweka chini ile ya mafuta. Lori limerudi; dereva anasema barua amempa baba mkononi.