Kiungo cha Lwitiko

Mashine ilikuwa ya kusikiliza pumzi za watoto wachanga. Tumpe na Lwitiko waliianza pamoja, mwaka wao wa mwisho wa uhandisi wa umeme na kompyuta, na Lwitiko akafariki kabla hawajaimaliza. Sasa Tumpe alikuwa peke yake mezani pa maabara, na mashine ilizimika kila ilipoguswa.

Mhadhiri wao, Mashauri, aliinama juu ya bodi, akagusa mahali waya ulipoungana nayo.

"Kiungo hiki hakikushika. Nani alilehemu?"

"Yeye."

"Itabidi ukiyeyushe, urudie."

"Mwalimu, siwezi kupitisha waya mwingine pembeni, hiki nikakiacha?"

"Unaweza. Lakini siku moja itazimika kwa mtoto wa watu."

Tumpe alikitazama kile kivimbe cha risasi ya kulehemu, kinene kupita kiasi, kama vyote alivyolehemu Lwitiko. Kisha akaweka pale ncha ya moto ya chuma cha kulehemu. Risasi iling'aa, ikalegea, na moshi mwembamba ukapanda mbele ya uso wake. Hakuupuliza.